Kukodi nyumba Mji Mkongwe: ya kukagua, ya kuuliza na ya kuandika kabla hujatoa pesa

Nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ukiiona saa nne asubuhi utaipenda tu. Jua limeingia uani, kuta zimepakwa chokaa juzi, madirisha yote yako wazi, na dalali kasimama mlangoni anazungusha ufunguo kidoleni. Ubaya wa nyumba za huku una saa zake. Maji hukata jioni watu wote wakiwa majumbani, ukuta hutoa jasho baada ya mvua, jenereta la hoteli ya nyuma hunguruma umeme ukizimika, na mrithi wa tatu hutokea baada ya kodi ya miezi sita kuliwa. Kwa hiyo nyumba usiione mara moja. Ione mara tatu: asubuhi pamoja na dalali, jioni peke yako, na mara moja baada ya mvua kubwa. Ukitafuta wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, una bahati, maana nyumba haiwezi kukuficha kitu. Ukitafuta Januari, kila ukuta ni mkavu na kila dalali ni mkweli.

Chagua mtaa kwa miguu

Sifa kubwa ya mji huu ni kwamba mtu anaishi bila ya gari wala Vespa. Kutoka Darajani hadi Forodhani ni kama robo saa ukikata kwa Mkunazini au Hurumzi. Soko, bandari, benki, skuli na Hospitali ya Mnazi Mmoja vyote vinafikika kwa mguu. Lakini vichochoro visivyopitisha gari vina gharama yake: mtungi wa gesi, friji, kabati, na mgonjwa pia, vyote hupita mikononi mwa watu. Kabla ya kupanda ngazi za nyumba, tembea kutoka mlangoni mwake hadi barabara ya gari iliyo karibu na uhesabu dakika. Zikizidi tano na ndani ya nyumba yako kuna mzee au mja mzito, tafuta pengine.

Shangani na Forodhani zina bahari na hoteli, na huko mpangaji wa mwaka mzima anashindana na mgeni wa siku tatu. Malindi iko karibu na bandari na diko la samaki. Pilika huanza alfajiri na harufu haina mapumziko. Kiponda, Mkunazini, Kajificheni na Sokomuhogo bado zina wakaazi wenyewe, maduka ya vitu vidogo vidogo na watoto wa chuo cha Qur'ani, na kwa anayetaka kuishi ndiko pa kuanzia. Vuga ina barabara za gari, jambo linalopunguza raha ya kutembea lakini linarahisisha kuhamia.

Usiidharau Ng'ambo ya karibu. Kisiwandui, Mlandege, Mchangani, Kikwajuni, Miembeni na Michenzani ziko ng'ambo ya barabara tu, na nyumba zake nyingi ni za matofali, hazina maradhi ya mawe na boriti yatakayoelezwa chini. Majumba ya maendeleo ya Michenzani, yaliyoanzishwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yana vyumba vya kueleweka na yako katikati ya kila kitu. Mtihani wake ni ngazi, na kama maji yanapanda hadi ghorofa unayotaka. Jambo moja la kukumbuka pande za Darajani: jina lenyewe linasema palikuwa na daraja. Ukanda ule ulikuwa mkono wa bahari kabla ya kufukiwa, ardhi yake iko chini, na mvua ya masika hutuama. Nyumba ya chini katika ukanda huo iangalie alama ya maji ukutani, hata kama imepakwa rangi mpya.

Njia utakayopita kila siku ipite pia saa tatu usiku. Wewe na mkeo au dada yako, si wewe peke yako, kwa sababu kichochoro ambacho mwanamume hakioni kuwa na tatizo, mwanamke atakwambia mara moja kina taa ngapi mbovu.

Hesabu ya siku ya kuingia

Kodi hutajwa kwa mwezi lakini mara nyingi hailipwi kwa mwezi. Wengi wenye nyumba hutaka miezi mitatu, sita au mwaka mzima kwa mpigo. Tuseme umeambiwa 400,000 kwa mwezi na miezi sita mbele. Hiyo ni 2,400,000. Ujira wa dalali, kwa kawaida ya mji, ni kodi ya mwezi mmoja: 400,000 nyingine. Ongeza amana ya mwezi mmoja ikiwa inadaiwa, na tayari ni 3,200,000 kabla hujanunua balbu. Baki na akiba ya kodi ya mwezi mmoja mkononi kwa ajili ya wachukuzi, vitasa vipya, koki, na tangi la maji ikiwa halipo. Anayeingia bila akiba hiyo hulala giza wiki ya kwanza.

Miezi mitatu ni bora kuliko sita kwa nyumba usiyoijua, hata mwenyewe akikupunguzia kodi ukilipa mwaka. Kipunguzo kinaonekana leo. Pesa iliyokwisha lipwa haitarudi kwa urahisi boriti ikioza Aprili.

Utasikia pia neno kilemba. Hiki ni kitita anachotaka mpangaji anayetoka ili akuachie nyumba yenye kodi ndogo ya zamani. Hakina risiti, hakirudi, na kinakununulia radhi ya mtu asiye mwenye nyumba. Mwenyewe halazimiki kukutambua kwa sababu ya kilemba. Kama huwezi kukaa na mwenye nyumba na mpangaji anayetoka chumba kimoja, mkaandikiana watatu, kiache.

Ukitajiwa kodi kwa dola, kumbusha kwa upole kwamba tangu Machi 2025 kanuni za Benki Kuu ya Tanzania zinakataza bei za ndani ya nchi kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni. Mkataba uandikwe kwa shilingi, na tarakimu ikae ile ile mpaka muda uishe.

Dalali, na wasio madalali

Dalali mzuri anakuokolea wiki mbili za kutembea. Mpe masharti matatu kwa lugha fupi: bei yako ya mwisho, ghorofa unayoitaka, na kwamba hutoi chochote kabla ya kukutana na mwenye nyumba. Ujira wake hulipwa siku ya kutia saini na kupokea ufunguo, si siku ya kuoneshwa. Anayedai pesa ya kukupeleka tu, au anayesema kuna mtu mwingine anakuja jioni na pesa taslimu, mwache ampokee huyo wa jioni.

Nyumba nyingi nzuri hazifiki kwa madalali. Zinaishia kwenye baraza za kahawa, kwa muuza duka wa pembeni, kwa imamu wa msikiti wa mtaa. Kaa Jaws Corner jioni mbili tatu, agiza kahawa, sema unatafuta nini na una familia ya watu wangapi. Habari hiyo itatembea kuliko wewe. Na usishangae ukiulizwa umeoa, unatoka wapi, unafanya kazi gani. Wenye nyumba wengi wanataka familia, na wanandoa wageni huweza kuombwa hati ya ndoa. Kijana asiyeoa apate mtu wa kumdhamini, mtu mzima anayejulikana mtaani, kisha ndipo aanze kuongea bei.

Nani hasa mwenye nyumba?

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Nyumba za Mji Mkongwe zina wenyewe wa aina mbalimbali, na kila aina ina mtego wake.

Nyumba ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Nyingi ziko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Nyumba ya Serikali iko chini ya taasisi inayohusika, kama Shirika la Nyumba la Zanzibar. Mtego wa zote mbili ni mmoja: anayekukodisha naye ni mpangaji tu. Analipa kodi ndogo ofisini, anakutoza kubwa wewe, na siku ofisi ikigundua mnatoka wote. Omba kuona risiti ya mwisho ya kodi. Jina lililo juu ya risiti likiwa si la aliye mbele yako, nenda ofisini ukaulize mwenyewe kama inaruhusiwa kukodisha tena. Usimtume dalali.

Nyumba ya urithi ni ngumu zaidi. Chukua mfano wa mzee aliyefariki akaacha mke, watoto wawili wa kiume na wawili wa kike. Kwa sheria ya Kiislamu mke ana thumni, yaani sehemu moja kati ya nane, na kinachobaki watoto wanagawana, mwanamume hisa mbili na mwanamke moja. Katika kodi ya 400,000, mama anastahiki 50,000. Zinabaki 350,000 kwa hisa sita: kila kijana 116,667 hivi, kila binti 58,333. Sasa mtoto mkubwa kakukodisha na anakula zote. Atakayekugongea mlango miezi miwili baadaye ni binti ambaye 58,333 zake hazijamfikia, na ana haki. Kwa hiyo nyumba ya urithi idai moja ya mambo haya: hati ya mirathi inayoonesha msimamizi ni nani, au karatasi ya warithi wote, kila mmoja na saini yake, ikimpa mmoja wao mamlaka ya kukodisha na kupokea kodi.

Mwenye nyumba akiwa Oman, Uingereza au Dar es Salaam, anayekukabidhi ufunguo awe na hati ya uwakala. Mpigieni mwenyewe simu ya video mkiwa ndani ya nyumba, mwombe akueleze chumba gani kina kabati la ukutani na ngazi ya uani inaelekea wapi. Mwenyewe hajibu kwa kubabaika.

Baada ya karatasi, waulize majirani. Nenda bila dalali, baada ya sala ya laasiri, piga hodi ubaki nje ya kizingiti.

"Assalaam alaykum, bibi. Samahani kwa usumbufu. Nataka kuhamia hapo juu. Eti nyumba hii ni ya nani?"

"Wa alaykum salaam, mwanangu. Ya marehemu, ila wanawe hawajagawana. Aliyekuleta ni nani?"

Jibu kama hilo limekuokolea miezi sita ya kodi. Muulize pia mpangaji aliyetangulia alikaa muda gani na alitoka kwa nini. Wapangaji watatu ndani ya mwaka mmoja si bahati mbaya.

Ukaguzi: anzia juu, malizia chini

Beba tochi, tepu, ufunguo mnene wa chuma, chaja ya simu, penseli, na umuombe mwenyewe ndoo ya lita 20.

Juu kabisa, tazama paa na mlizamu, yaani mfereji wa kutolea maji ya mvua. Maradhi mengi ya nyumba hizi huanzia kwenye mlizamu uliotoboka au kuziba majani: maji yanamwagika ukutani badala ya kutoka nje, ukuta unanywa, na boriti zinaoza. Kama kuna tangi huko juu, uliza ni la lita ngapi na linakaa juu ya nini. Lita 1,000 za maji ni tani moja. Tani moja iliyokaa katikati ya chumba, juu ya boriti za mkoko zenye umri wa babu wa babu, si kitu cha kulala chini yake. Tangi linatakiwa likae penye ukuta mnene chini yake, au uani.

Kisha boriti. Zimulike moja moja kwa tochi, hasa zinapoingia ukutani, maana boriti huoza kichwa kilichozikwa ukutani kabla ya tumbo. Doa la kahawia, ukungu, au unga wa mbao sakafuni chini yake ni dalili. Bonyeza kwa ncha ya ufunguo: mbao nzima inakataa, mbovu inaingia kama mkate uliolowa. Boriti moja mbovu kati ya kumi inabadilishwa na fundi, tena kwa gharama ya mwenyewe na kabla hujahamia. Tatu zilizofuatana maana yake chumba hicho hakipo. Punguza kodi au ondoka. Ukikuta dari limefunikwa kwa silingibodi mpya, omba kipande kimoja kifunguliwe. Mwenye kukataa kakujibu. Haya si maneno ya kutishana: Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa kwa ajili ya sultani, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, na watu walipoteza maisha.

Kuta za zamani ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Zinanywa unyevu na kuutoa, ndiyo pumzi yake. Fundi asiyejua anapopiga saruji juu yake, pumzi inazibwa: unyevu wa chini hauna pa kutokea, unapanda juu, chumvi inatoka kama unga mweupe, na plasta inavimba hadi inabanduka. Kwa hiyo kiraka kipya cha saruji kinachozunguka chumba hadi usawa wa kiuno si matengenezo, ni kifuniko. Rangi ya mafuta kwenye ukuta wa namna hiyo ni vivyo hivyo. Gonga kwa vifundo vya vidole kutoka chini kwenda juu. Panapolia tupu, plasta imeachana na jiwe. Nusa pia ndani ya kabati la ukutani, maana huko hakuna anayepaka rangi.

Ufa wa nywele kwenye chokaa hauna neno. Ufa unaopitisha penseli nzima, au unaoshuka mshazari kutoka pembe ya dirisha, au unaoonekana ndani na nje, ni ukuta unaohama.

Ghorofa ipi? Ya chini ilikuwa ghala na duka zamani, na bado ina tabia hizo: giza, unyevu, miguu ya wapita njia kichwani mwa kitanda chako. Ya juu kabisa ina upepo lakini chini ya mabati, kwa joto la Februari, utalala juu ya sakafu ya nje. Ya katikati ndiyo nyumba. Tazama dirisha linaelekea wapi: kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki, huvuma toka Disemba hadi Machi, miezi ya joto, na chumba kisichopata kaskazi kitakudai feni usiku kucha. Kama dirisha lako linaelekea ukuta wa jirani ulio mkono mmoja mbele, hesabu kwamba huna dirisha.

Vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti, kiasi cha mita tatu hivi. Kitanda cha futi sita kwa sita kinakula karibu mita 1.83, unabaki na njia ya mita moja na kidogo. Pima kabla hujaleta. Pima na ngazi pia, mahali pembamba kabisa na pale inapokata kona. Godoro la sponji linakunjwa na kufungwa kamba. La springi halikunjiki, na wengi wamelirudisha dukani kutoka ngazi ya pili. Kabati lisilofunguka vipande halipandi. Usikubali kulivuta kwa kamba kupitia roshani: mbao za roshani za zamani zilitengenezwa kwa watu wa kupunga upepo.

Maji, umeme na choo

Mabomba ya Mamlaka ya Maji, ZAWA, hayana nguvu ya kupandisha maji ghorofani saa zote. Kinachofanya nyumba ikae ni tangi la chini, pampu na tangi la juu. Uliza yote matatu, na la nne ambalo watu husahau: pampu imeunganishwa kwenye mita ya nani? Pampu ya nyumba nzima ikinywa umeme wako, utalipia maji ya kuoga ya watu wanne usiowajua. Familia ya watu watano kwa lita 60 kila mtu inatumia lita 300 kwa siku, kwa hiyo tangi la lita 1,000 linabeba siku tatu tu. Fungua koki ya jikoni na ya bafuni pamoja, uone kama moja inakufa. Kisima kikiwepo, onja maji yake. Karibu na bahari mengi yana chumvi, yanafaa kusafishia choo na si kupikia, na yanakula koki na birika.

Umeme wa huku ni wa Tukuza, unalipia kabla. Nunua kidogo ukiwa pale pale kwa simu, ingiza tarakimu 20 za tokeni, uone mita inapokea na kama kuna deni linalokatwa. Mita ikiwa ya pamoja, dai mita ndogo yako mwenyewe. Kugawana "kwa vichwa" ni ugomvi uliopangiwa tarehe. Washa kila kitu pamoja: feni, pasi, birika la umeme, taa zote. Swichi kuu ikianguka, au ukisikia harufu ya plastiki, nyaya ni za zamani. Jaribu kila soketi kwa chaja. Friji iwekee kilinda umeme, maana umeme ukikatika na kurudi ndipo unapochoma.

Chooni mwaga ndoo nzima ya lita 20 kwa mpigo. Yasiposhuka haraka, au yakirudi na mapovu, karo, yaani shimo la maji machafu, limejaa. Uliza liko wapi, ni la nyumba ngapi, nani analipia kunyonya, na kama gari la kunyonya linafika au bomba lake linavutwa kupitia ukumbini kwako.

Jioni rudi ukae nusu saa bila kusema. Sikiliza jenereta, feni ya jiko la mkahawa, muziki wa juu ya hoteli. Adhana usiihesabu kama kelele. Aliyezaliwa huku haimwamshi mpaka atake, na mgeni huzoea ndani ya mwezi. Jenereta halizoeleki.

Mkataba

Uandikwe Kiswahili, nakala mbili, mashahidi wawili, mmoja wako na mmoja wake. Ushuru wa stempu unalipwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Ni kiasi kidogo kulinganisha na tabu ya kuingia mahakamani na karatasi isiyo na muhuri. Mengi ni ya kawaida: majina, vitambulisho, muda, kodi, tarehe. Yanayosahaulika ni matengenezo, notisi na kurudishiwa pesa. Andika hivi, au karibu na hivi:

"Matengenezo ya paa, mlizamu, boriti, kuta, ngazi, karo na nyaya kuu ni ya mwenye nyumba. Balbu, koki, vitasa na usafi ni vya mpangaji. Mwenye nyumba akiarifiwa ubovu kwa maandishi asipotengeneza ndani ya siku 14, mpangaji anaweza kutengeneza na kukata gharama kwenye kodi kwa kuonesha risiti. Nyumba ikiuzwa, ikigawiwa kwa warithi, au ikitangazwa haifai kukaliwa kabla ya muda kuisha, kodi ya miezi isiyotumika itarudishwa ndani ya siku 30. Notisi ya kuondoka ni miezi miwili kwa pande zote."

Ongeza haki ya kupanda juu kuanika nguo na kupita uani, maana nyumba ya ghorofa yenye wapangaji wanne inagombana kwa kamba ya nguo kuliko kwa kodi. Na ukianika juu, usiache sabuni. Kunguru wa huku wanaiba mche mzima.

Andikeni pia kwamba mpangaji habadilishi kitu bila ruhusa. Hili linakulinda wewe. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi ya ujenzi, hata kubadilisha dirisha au kutundika kiyoyozi upande wa mtaani, inahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Mwenyewe akikwambia "toboa tu", muombe kibali kwanza, kwa sababu atakayekutwa na nyundo mkononi ni wewe.

Lipa benki au kwa simu, kwa jina lililo kwenye mkataba, si kwa jina la mpwa wake. Ikibidi taslimu, pesa na risiti vibadilishane mikono dakika ile ile.

Kwa sheha, halafu kuhamia

Sheha, kiongozi wa mtaa, anatakiwa kuwajua wanaohamia shehia yake. Nenda na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi au kitambulisho chako kingine, nakala ya mkataba, na mwenye nyumba mwenyewe ikiwezekana. Barua ya sheha utaihitaji kwa mengi baadaye. Kuna faida ya pili: sheha anajua kesi za nyumba za mtaa wake. Kwa hiyo mwendee mara ya kwanza kabla ya mkataba na kabla ya kulipa, mwambie unataka kuhamia nyumba fulani, kisha mtazame usoni.

Siku ya makabidhiano piga picha kila chumba, kila doa, mita ya umeme na namba yake, kisha mtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki kwenye simu zote mbili. Badilisha kitasa cha mlango wako. Ufunguo wa zamani umepita mikono mingi.

Hamia asubuhi mapema kabla vichochoro havijajaa watu na mikokoteni. Patana na wachukuzi bei ya kazi yote mpaka ndani ya chumba, si mpaka mlangoni, na waoneshe ngazi kwanza. Ukiwa na ngazi ya pamoja, mtungi wa gesi usikae ngazini. Gari la zimamoto halifiki vichochoro vingi, na ngazi hiyo ndiyo njia pekee ya watu wa juu. Wiki ya kwanza pita kwa majirani wote wa nyumba, wa juu na wa chini, uwasalimie kwa majina.

Kisha chukua ile penseli. Kwenye kila ufa ulioukubali chora mstari mfupi unaoukata katikati, uandike tarehe pembeni. Uangalie baada ya kila mvua kubwa. Pande mbili za mstari zikiacha kukutana, piga picha, mpelekee mwenye nyumba siku hiyo hiyo kwa maandishi, na vitanda vihamie chumba kingine usiku huo.